Taarifa ya Matumizi, Januari hadi Machi

Ndugu Mfadhili,
kamwene.
Fedha zilifika tarehe kumi na saba. Mvua ilikuwa imezitangulia,
na barabara ya kwenda viwanda vya mbao
ilikuwa uji.

Safu ya kwanza: Usafiri.
Pikipiki ya Fideli, safari ishirini na mbili,
sanduku la barafu limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli,
ndani yake vikopo vya makohozi,
kila kimoja na jina, kwa kalamu isiyofutika,
maana mvua ya Mafinga hufuta mengine yote.
Risiti zimeambatishwa. Mbili zina matope.

Safu ya pili: Viburudisho.
Hapa mhasibu wenu wa Iringa alinipigia simu,
akauliza kwa upole: Dada Onorata,
lita kumi na nne za ulanzi?
Ndiyo, kaka. Kumi na nne.
Tuliita mkutano kwanza, uwanja wa shule.
Walikuja watoto, mwenyekiti, na mbwa wa mwenyekiti.
Wanaume wa misumeno hawaji mkutanoni.
Wako kilabuni, bega kwa bega,
dirisha limezibwa kwa gunia, baridi isiingie,
kopo moja linazunguka midomo saba.
Kopo halina kosa. Ni hewa ile, iliyofungiwa,
ndiyo wanayoinywa wote.
Nilinunua, nikaketi, nikangoja wafike nusu ya ndoo,
kisha nikasema: tufungue dirisha.
Hiyo ndiyo hotuba yangu yote.
Muuza ulanzi hana mashine ya risiti.
Ameweka dole gumba, tazama kiambatisho cha tano.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Waje huku.
Melkizedeki Nyenza alikificha chake mwaka mzima
chini ya kelele za msumeno,
akikohoa gogo likipasuliwa,
akinyamaza likinyamaza.
Mkewe alijua kwa shuka tu,
shuka lililoloa jasho usiku wa kutetemeka.
Alisema ni vumbi la mbao.
Alisema ni moshi.
Mwishowe alisema kuna mtu.

Safu ya tatu: Idadi ya waliofikiwa.
Fomu inataka namba. Naandika mia tatu na tisa.
Ila sijui kama Enelisa ni mmoja au ni watatu.
Alipoanza dawa, mkojo ukageuka soda ya chungwa,
akatoka chooni anapiga yowe, kanga mkononi.
Nikamwambia ni rangi ya vidonge, si damu.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Kesho yake akaisimulia foleni nzima ya bomba la maji,
na jioni wawili wa foleni ile wakaja kwangu na kikohozi chao
kama watu waliokuja kuazima chumvi.

Safu ya nne: Mengineyo.
Mayai, trei mbili. Dawa ni bure,
lakini vidonge juu ya tumbo tupu ni ugomvi.
Vocha. Sabuni.
Kitambaa cheupe, mita tano,
kwa Mzee Lunyungu,
ambaye tulimfikia,
kwa maana ya fomu.

Salio: shilingi elfu tatu na mia mbili.
Mmeandika lirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi.
Naomba mnivumilie.
Nyenza yuko mwezi wa tatu, bado mitatu.
Amenenepa, amerudi kwenye msumeno,
anasema amepona, kwa nini ameze tena,
na tangu Alhamisi hajaja.
Elfu tatu ni mafuta ya Fideli hadi kambini, ng'ambo ya misindano.
Mia mbili ni andazi, nisiingie mikono mitupu.
Nitakwenda Jumanne alfajiri,
kabla hawajawasha mashine,
nisimame nje ya kibanda chake
nisikilize.