Kobe Anauzwa

Tuliondoka Peterhead alfajiri, taa za bandari bado zinawaka,
Shaame akiendesha kwa soksi.
Viatu kavisukuma chini ya kiti,
kwa sababu, alisema, siku ya mwisho
anataka kuusikia mtetemo wa injini kwa nyayo.

Kobe ndilo jina tulilompa:
nyumba ya bati, magurudumu manne,
jiko la mafiga mawili, sinki la kikombe kimoja,
kitanda ambacho mchana ni meza
na usiku ni ugomvi wa nani alale dirishani.
Miaka kumi na tisa.
Sasa mnunuzi anatungoja Edinburgh, mtaa wa Leith,
kijana aitwaye Fergus. Kalipa nusu,
nusu atalipa akimwona.
Magoti yangu ndiyo yaliyotoa hukumu:
ngazi mbili tu, nazipanda kama napanda mnara.

Barabara ya pwani haina haraka.
Bahari iko kushoto siku nzima,
kijivu, kaniki iliyofuliwa ikachoka,
inajificha nyuma ya shamba la shayiri
kisha inachomoza tena, kama mtu anayekudai.

Stonehaven tukasimama, tukainjika chai.
Ukungu ukapanda kutoka majini
ukafuta ngome, ukafuta majabali,
ukafuta kondoo, ukatuachia sauti zao.

Nikasema: Kitendawili.
Akasema: Tega.
*Mgeni wangu hapigi hodi,
huingia kitandani na mume wangu yupo.*

Akakoroga chai isiyo na sukari.
Analijua jibu. Mwaka wa sita huu analiziba
kwa gundi, kwa utepe, kwa kisahani cha plastiki,
na katika simu zote alizozungumza na Fergus
hakulitaja.
Nimeshindwa, akasema.
Basi nipe mji.
Nakupa Montrose.
Nifanye nini na Montrose?
Nakupa Arbroath, na samaki wake wote.

Arbroath tukawala kweli, samaki wa moshi,
moto bado, ndani ya karatasi, kwa vidole,
na pilipili ya chupa tunayoificha kwenye droo ya ramani.
Harufu hii, nikamwambia, Fergus ataishi nayo hadi Krismasi.
Akacheka kidogo.
Tulipovuka Tay alikuwa ameacha kucheka.
Nakupa Dundee, akasema, peke yake, bila kuulizwa.
Nikatazama maji.

Kisha mashamba, vituo vya mafuta,
mvua nyembamba inayokuna kioo bila kukilowesha,
na mara daraja la reli, jekundu, mbavu tupu,
likituangalia kutoka daraja letu.
Ng'ambo, mji: moshi, minara ya makanisa,
maelfu ya madirisha, na hakuna hata moja lenye gurudumu.
Shaame akapunguza mwendo. Lori nyuma likapiga honi.
Haya, akasema. Chukua Edinburgh.
Nimeuchukua, nikasema. Lakini jibu utalitoa wewe.

Fergus alikuwa mrefu kuliko mlango wetu.
Akagonga bati, akafungua bomba, akasifu mapazia
niliyoyashona kwa kanga mbili kuukuu.
Akatoa bahasha.
Shaame akaiangalia kama mtu anayesoma anwani isiyo yake.
Ngoja, akasema.
Akapanda, akabandua utepe, akaweka kidole darini:
Hapa. Mvua ikitoka kusini
inaingia hapa, inadondoka juu ya mto wa mke wangu.

Pauni mia mbili zikarudi mfukoni kwa kijana.
Hakuna aliyezidai.

Tukashika njia ya kituo cha basi,
mimi na birika, yeye na blanketi,
hatukuzungumza mpaka kona ya pili.
Nikatazama chini.
Shaame, viatu?

Akasimama kwenye lami iliyolowa,
akachezesha vidole ndani ya soksi,
akageuza shingo kule tulikotoka.
Nimekosa, akasema. Nipe mji mwingine.