Nyuma ya Rejeta

Nyumba ipo Sekei, hapo juu lami inapokaribia kuisha.
Mama Nasari ameinunua pamoja na vyuma vyake:
rejeta tano, nzito, za mbavu mbavu,
kila moja imekaa chini ya dirisha lake
kama ng'ombe aliyegoma kuvuka.
Zamani zilipitisha maji ya moto, anasema,
enzi za mlowezi mmoja aliyeiogopa Julai ya Arusha.
Leo mabomba yamekatwa, tangi lilishauzwa chuma chakavu,
na yeye hataki ziondolewe. "Ziache. Ni pambo.
Wewe nipigie lipu, unizungushie vizuri."

Kuzungushia! Neno jepesi mdomoni.
Mwiko wangu una inchi nne,
na kati ya chuma na ukuta zipo mbili.
Nimekata ndala kuukuu, nikaifunga kwenye fito,
huo ndio mwiko wangu wa leo.
Nimelala ubavu juu ya mifuko mitupu ya saruji,
shavu sakafuni,
na Lomayani ananipa udongo kidogo kidogo
kama anayemlisha mgonjwa uji.

Mzee Anaeli ndiye aliyenifundisha kazi.
Alipita nyuma yangu na timazi na kikohozi,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Mahali pasipoonekana," alisema,
"ndipo fundi anapoandika jina lake."
Kule Njiro aliniangushia ukuta mzima
kwa sababu ya nyuma ya kabati. Nyuma ya kabati!
Nililia siku ile, nikakoroga upya.

Na nyumba hii, nilijua tangu mlangoni,
aliikarabati yeye, miaka ile saruji ilipokuwa ya kibali.
Kona zake nazijua: alizivunja makali kwa kidole gumba
zisije zikamkata mtoto.
Basi nimeingiza tochi nyuma ya rejeta ya tatu
nikilitafuta jina lake.

Matofali.
Matofali matupu, mekundu, ya kuchoma,
na utando wa buibui, na pini ya nywele.
Lipu imeishia pale lilipoishia jicho la mwenye nyumba,
imekatwa sawasawa, kama kwa rula.

Nimecheka hadi vumbi likanipalia.
Lomayani akauliza, kuna nini huko?
Nikamjibu, kuna mwalimu wangu.

Zilibaki ndoo ngapi siku ile, Mzee?
Au ni kifua? Au ilikuwa jioni,
mwenye nyumba kasimama mlangoni na hela mkononi,
na kwako wanangoja unga?
Hukuniambia. Ulinitwika sheria nzima
wewe ukiwa na nusu yake.

Nimelowesha matofali, yamekunywa kama punda.
Nimepiga lipu, nimesawazisha kwa ndala,
nimepitisha niru kwa kitambaa
mpaka kidole hakikukwama popote.
Tofali moja nimeliacha wazi, la chini kabisa, kushoto.
Si kwa ubaya.

Baridi imeshuka kutoka mlimani.
Lomayani amekaa juu ya rejeta, mikono kwapani,
anasema kama lina joto hivi, fundi.
Nimeligusa. Jiwe la mtoni lina nafuu.
Nimemwambia ashuke, agonge ukuta, asikilize.
Amegonga mara tatu, sikio karibu.
"Umejaa," amesema.

Habari ya lile tofali sijamwambia.