Kaa, Mkaa

Gugu hili, hapa Dhading, huitwa banmara,
muua-msitu. Lilipanda kutoka bondeni
mwaka ule mume wangu alipovunjika mguu,
likaziba njia ya kisima, likameza malisho;
mbuzi hulinusa tu, wakageuza shingo.

Nimelikata siku tatu. Nimelianika.
Leo nimechimba shimo, umbo la faneli,
upana wa mikono yangu nikiinyoosha,
nikauwasha moto kwa juu, si kwa chini,
moto ukala moshi wake wenyewe.
Hata Sukmaya, akohoaye kwa kusikia tu neno kuni,
alisogea, akachutama. Hakukohoa.

Wahenga husema moto huzaa majivu.
Wangu nimeukatiza uzazi.
Majivu yalipoanza kuchungulia, meupe, pembeni,
nikamimina maji, nikamimina,
madumu saba niliyoyapandisha mgongoni
kamba ikinikata kipaji cha uso.
Shimo likalia kama chuma kwa mhunzi.
Ukabaki mkaa: mweusi, mwepesi,
ukiugonga unalia kigae.

Dorje amenipigia kutoka Doha.
Huko, asema, hufanya kazi usiku, mchana ni tanuri.
Akaniona kwenye simu nikichanganya mkaa
na mkojo wa ng'ombe, akacheka:
Mama, wenzio huchoma mkaa wapikie,
wewe unauzika kama maiti!

Maiti huoza, nikamwambia. Huu hauozi.
Ile hewa gugu liliyoinywa mwaka mzima
ningeiacha iteketee, ingepanda leo hii
ikuongezee blanketi jingine humo juani.
Huku chini itakaa.
Itakaa baada yangu, baada yako,
mtu atapalilia hapa, vidole vimgeuke vyeusi,
asijue ni kazi ya nani.

Akanyamaza. Kisha akauliza habari za maboga.

Sijui bado. Mwaka jana, penye mkaa,
boga moja lilinishinda kubeba;
shimo la pili, tupu, lilizaa ya ukubwa wa ngumi.
Lakini mvua ya mwaka jana ilikuwa na adabu.
Ya mwaka huu imekuja yote usiku mmoja,
ikaondoka na ngazi mbili za shamba la Sukmaya.

Sijidai. Shimo moja halipozi Doha.
Kule juu banmara limesimama,
limeshiba, linanitazama.
Nanoa mundu.

Kaa, mkaa. Kaa.