Nukta ya Kumi na Saba

Mimi ndiye niliyeifuta.
Niliseme hilo mwanzo, kabla moshi haujatanda
na kila mtu akaanza kuilaumu gesi.

Zilina, Januari. Theluji imefika kwenye vioo vya karakana,
na ndani, nyuma ya uzio wa manjano, roboti sita
zinainama na kuinuka juu ya fremu za kubebea injini
kama wanawake wapandao viazi,
kiwiko kimekunjwa, ulimi wa waya nje,
mshono, mshono, mshono.

Aliyezifundisha ni Drahomira Kubikova,
miaka thelathini na mmoja nyuma ya kioo cheusi,
shingo yake madoadoa ya cheche, kana kwamba
amerushiwa ngumi ya ulezi, ukaganda.
Walimpa kisanduku chenye vitufe, wakamwambia:
upeleke mkono huu pale ambapo wako ungepita.
Akaupeleka. Nukta moja moja. Wiki tatu.
Vendelin wa zamu ya usiku akamtania:
unamfunza kutembea atakayekalia kiti chako.
"Kiti gani?" akasema. "Kazi hii naifanya nimesimama."

Mimi nilikuja baadaye, na shahada, na saa ya kuhesabu.
Fremu moja, sekunde hamsini na mbili.
Wenye kiwanda walitaka hamsini na moja.
Usiku nikaifungua programu yake, nikaisoma mstari kwa mstari,
na pale mshono unapokata kona kuishia kwenye sikio la boriti
nikaikuta, nukta ya kumi na saba:
simama. Sekunde sifuri nukta sita.
Maelezo hakuna. Mkono hausogei, waya unazidi kuyeyuka.
Nikajisemea, tazama, uvivu wa binadamu
umejipenyeza hadi kwenye chuma.

Siku nne tulikuwa mashujaa.
Ya tano, Imrich wa ukaguzi akaleta fremu,
akaipaka rangi nyekundu, akaipangusa, akaipulizia unga mweupe,
na rangi ikarudi polepole kutoka ndani,
unywele mmoja, mwekundu, kwenye kona.
Ufa mwembamba hivyo,
na nyuma yake ukuta mzima wa kujenga:
fremu mia mbili na kumi na nane.

Tulibadili gesi. Tulibadili waya.
Tulilaumu baridi, tukalaumu bati la Ostrava.

Drahomira hakualikwa mkutanoni.
Walikwisha kumpeleka meza ya marekebisho,
anashona kwa mkono yanayoharibiwa na mashine.
Nilimkuta anakula keki ya mbegu za popi,
sikio limeelekea kwenye uzio.
"Unasikia?"
Sikusikia kitu.
"Inakaanga vizuri, inakaanga vizuri, halafu
inaepua kabla kitunguu hakijaiva. Pale konani."

Nikamwambia habari ya ile nukta.
Akaacha kutafuna.
"Pale," akasema, "ndipo ninapovuta pumzi."

Kona ile, alisema, huiingia umebana kifua.
Ukifika mwisho wake mkono unataka kutetemeka,
basi nasimama, navuta,
na chuma kinajaza kishimo chake chenyewe.
"Miaka yote nilidhani ni udhaifu wangu.
Niliona haya. Ndiyo maana sikuandika kitu."

Nimeirudisha. Sifuri nukta sita.
Wenye kiwanda wamenuna, kisha wamekubali hamsini na mbili.
Pembeni, penye nafasi ya maelezo, nimeandika:
D.K. anapumua. Usifute.

Aprili anastaafu.
Hospitali ya mtoni wana picha za mapafu yake;
sijathubutu kuuliza zinaonyesha nini.
Husimama kidogo kwenye ngazi siku hizi, mkono ukutani,
nami hujifanya nafunga kamba za viatu.

Na kule nyuma ya uzio,
sita zisizo na mapafu, usiku na mchana,
zinafika konani,
zinasimama.