Arobaini na Mmoja

Nilifika Zavkhan juu ya lori la nyasi kavu,
siku mbili, vidole havina habari na mimi,
na ndani ya koti, upande wa moyo,
kitabu kidogo kilichochakaa pembe.
Njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno
kama mshenga asiyejua atapokewa mlango upi.

Kaka yangu Galbadrakh hakuuliza habari za mjini.
Alinipa koleo.
Tulifukua theluji kutafuta majani,
majani hayakuwapo.
Huu ni mwaka wa dzud: mbuzi wanakufa wamesimama,
asubuhi unamgusa mmoja, anaanguka mzima kama kiti.
Walikuwa mia tatu.
Wamebaki arobaini na wawili.

Jioni mama alimimina chai ya maziwa na chumvi,
tone la kwanza akalirusha juu, kwa mbingu, kama kila siku,
nami nikainamisha kichwa, nikasema amina
kwa sauti ya kutosha kusikika.
Nilitaka isikike. Na sikutaka.

"Haya," kaka akasema, "toa ulichobeba.
Tangu ushuke unajishikashika kifua."
Basi nikasoma. Nilichagua hadithi ya kondoo,
nikidhani mchungaji atamwelewa mchungaji.
Mtu ana kondoo mia, akampoteza mmoja,
akawaacha wale tisini na tisa nyikani,

"Nyikani?" Galbadrakh akaweka bakuli chini.
"Na mbwa mwitu?"
"Kitabu hakisemi."
"Upepo ulivuma kutoka wapi?"
"Hakisemi."
"Huyo hakuchunga. Huyo alirithi."

Mzee Luvsan, jirani aliyekuja kuazima kiberiti,
akacheka mpaka akakohoa. Mama naye.
Nami nikacheka, Mungu anisamehe;
kule kanisani kwetu, juu ya duka la matairi,
hadithi hii tuliisoma tukilia,
na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mbuzi.

Usiku wa manane mbwa alibweka mara moja, akanyamaza.
Galbadrakh akatoka, akahesabu, akarudi.
"Yule mweupe wa sikio lililokatwa."
Hakusema zaidi. Akavaa koti juu ya koti,
akanipa tochi, akanipa sufuria.
"Kaa nao. Piga ukisikia kitu.
Usilale. Ukilala watalaliana, watakosa pumzi."
Kisha giza likammeza.

Nikakaa, mimi mhubiri,
kati ya mbuzi arobaini na mmoja,
mvuke wao, mavi yao, kikohozi chao,
nikipiga sufuria hata niliposikia kimya tu.
Nilijaribu kusali. Sala zilitoka fupi:
Huyu. Na huyu. Na huyu.
Niliwahesabu mara kumi na mbili,
mara moja nikapata arobaini na watatu.
Sikuwahi kuwafikiria wale wa hadithini,
usiku wao ulikuwaje,
na nani alipiga sufuria.

Alfajiri isiyo na rangi akatokea,
nyusi zimekuwa barafu, kifua kimevimba,
na kwenye ukosi wa koti, sikio lililokatwa.
Hai? Hai kidogo.
Mama akamkanda kwa mafuta, akamnywesha chai yetu.
(Alikufa siku ya tatu. Nalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.)

Galbadrakh aliketi karibu na jiko,
vidole viwili vyeupe kama mshumaa.
Nje Mzee Luvsan alikuwa zizini,
akiwahesabu mbuzi wetu kwa sauti kana kwamba ni wake.

"Yule wa kitabu chako," kaka akasema, hanitazami,
"hakuwa na dada?"

Nikafungua mdomo. Majibu nilikuwa nayo,
nimeyabeba siku mbili juu ya nyasi.
"Kitabu hakisemi," nikamwambia.

Akaninyooshea bakuli nimjazie.
"Basi soma tena. Labda uliruka mstari."