Mguu wa Kulia

Burslem, Jumanne, saa tatu asubuhi.
Mvua ya Novemba haina haraka, inakaa.
Bi. Beryl Colclough amenifungulia kwa kuegemea mkongojo.
Kiti chake kingali na umbo la usiku:
halali kitandani siku hizi, anasema,
akiuning'iniza mguu, muundi hutulia.
Naandika hilo kwanza, kabla ya soksi.

Soksi inatoka. Ngozi inang'aa, haina unywele hata mmoja.
Naweka mgongo wa kiganja gotini, nashuka taratibu:
vuguvugu, vuguvugu, kisha baridi,
kama mtu kafunga mlango juu ya kifundo.
Nabonyeza kidole gumba. Kinakuwa cheupe.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Damu inarudi kama mdeni aliyeitwa.
Sita.

Wa kushoto ulirudi kwa mbili.

Miaka thelathini na moja alikagua sahani kiwandani,
moja baada ya nyingine juu ya ncha za vidole,
akigonga, akisikiliza.
Nzima hulia. Yenye ufa hukohoa.
"Jicho hudanganywa," ananiambia. "Sikio halihongeki."

Mkanda wa presha unasema moja nukta tatu.
Namba nzuri mno; siiamini.
Kisukari huifanya mishipa kuwa migumu kama bomba,
mkanda ukaminya, ukadhani ni nguvu.

Napaka jeli. "Baridi!" anaruka kwa mguu wa kushoto.
Kwa huu mwingine hasemi kitu.
Nashusha kalamu ya kusikilizia mapigo.
Kushoto: fu-ta-fu, fu-ta-fu.
Kulia: upepo.
Natafuta nyuma ya kifundo. Upepo,
kisha pigo moja refu, lililochoka,
mtu anapanda ngazi amebeba kabati.

Amefumba macho, kichwa kakiinamisha upande
kama zamani mezani kwake.
"Hiyo mimi ningeiweka pembeni."
Sijibu. Kati ya kidole cha nne na cha tano
kuna kidonda, ukubwa wa dengu.
Hakijamuuma hata siku moja.

Kwetu mguu huu huitwa wa kulia,
na neno ni hilohilo la machozi, la kengele.
Usiolia ndio unaonitisha.

Napigia simu kliniki ya mishipa.
Leo, nasema, si wiki ijayo.
Nasubiri muziki wao uishe.
Yeye kachukua kikombe nilichomaliza chai,
anakigeuza, anasoma muhuri wa chini,
anakigonga kwa ukucha.