Mizani ya Chama cha Msingi

Baba aliondoka Mbokomu juu ya lori la kahawa,
mwaka ule wa sabini na nane, mvua za vuli zikianza,
koti la mgambo limemzidi mabega.
Mama alibaki ukingoni mwa barabara
na mimba ya miezi mitano
na jembe ambalo hadi jana lilikuwa la watu wawili.

Redioni walisema: vijana wetu.
Redioni walisema: mashujaa.
Mimi, miaka saba, nilidhani ushujaa ni kazi
kama utarishi, kama ukarani,
kwamba kuna dirisha wanakoandikisha,
na kwamba Mama alichelewa foleni.

Kisha mfongo ukaziba.
Udongo uliporomoka kule juu, mawe na magogo,
na wanaume wenye ruhusa ya kugusa banio
walikuwa Kagera, au wamezeeka, hawawezi mlima.
Mwanamke hagusi banio.
Maji yatakasirika, yatahama.
Mama akapanda usiku, na Aikande, na mjane wa Ndetaramo,
kibatari wamekikinga kwa sufuria,
wakazibua kwa viganja hadi kucha zikang'oka.
Asubuhi migomba ikanywa.
Maji hayakukasirika.
Wazee wakasema: Mungu ametuzibulia.

Baba alirudi na nishani, na chuma gotini.
Mbuzi akachinjwa.
Handakini, alisimulia, hakuna Mchaga,
hakuna Msukuma wala Mmakonde,
sigara moja ilizunguka midomo sita
na hakuna aliyeifuta kabla ya kuvuta.
Usawa ni huo, alisema.
Na Masaka, alisema, wanawake walitutandikia khanga:
piteni, wakombozi, piteni.
Wanaume wakaitikia, wakakata ini.
Mama alikuwa jikoni anakoroga mtori wa ukombozi,
na Jumamosi, kabla ya kushusha mkungu mmoja Kiboriloni,
aliuliza mlangoni, macho chini:
Baba Kalista, niuze?

Nchi ikaambiwa ifunge mkanda miezi kumi na minane.
Mama hakuwa na mkanda.
Alikaza fundo la khanga
na hakulilegeza
hadi manesi wa KCMC walipolifungua wao.

Mazishini mchungaji alisoma wasifu:
Anansia alizaliwa, akabarikiwa, akaolewa,
alikuwa mama wa nyumbani.
Mistari minne, na mmoja wake ulikuwa wa Baba:
mke wa askari shujaa.

Baba akainuka, goti likilia.
"Ongeza," akasema. "Alizibua banio."

Wazee wa ukoo wakatazama viatu vyao.
Mchungaji akatafuta kalamu, hakuwa nayo.
Baba akarudia, sasa kwa sauti ya gwaride:
"Alizibua banio. Mnakunywa mpaka leo."
Sijamwona shujaa kama dakika ile.
Nikamsamehe ini, nikamsamehe mtori,
nikamsamehe zile ruhusa zote za Jumamosi.

Wiki ya pili kikao cha ukoo kiligawa kihamba
kwa kaka zangu wawili,
mmoja yuko Mwanza, mwingine hatujui.
Binti, walisema, ana kwake.
Sina kwangu; nina hapa.
Nikamtazama Baba.
Aliyevuka Mutukula kwa miguu, risasi zikipita masikioni,
akatazama chai yake.
Akaikoroga, na haikuwa na sukari.

Sasa naye hayupo, na nishani ninayo mimi,
kwenye mkebe wa Kimbo, pamoja na vifungo.
Msimu uliopita niliteremka nayo chama cha msingi,
karani ametoka kidogo,
nikaiweka juu ya mizani ya kahawa.
Sindano haikusogea.
Nikaipuliza vumbi, nikaiweka tena.
Haikusogea.
Nikaitoa, nikalaza jembe la Mama,
mpini umeliwa pale vidole vyake viliposhika.
Sindano ikaruka, ikatetemeka, ikatulia.

"Dada," karani akasema mlangoni,
"hapa tunapima kahawa tu."